A Si ya Mzimu

Shuleni
2 Septemba

Kwa Baba Chiriku,

Salamu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa darasa la tano, darasa la mwanao. Tangu muhula uliopita mimi ndiye pia mwalimu wa kompyuta, si kwa sababu naijua kompyuta, bali kwa sababu siku walipogawa kazi hiyo nilikuwa nimetoka kwenda kunywa maji. Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa kuwa dada yako, ambaye mtoto anakaa kwake, amekataa kutia sahihi kibali cha mtoto kushiriki maonyesho ya kompyuta. Alikuja akanieleza, mbele ya mwalimu mkuu, kwamba mtoto hakupelekwa shule kufundishwa kufuga mizimu.

Naomba nieleze hiyo mizimu. Watoto wanajifunza kuiamuru kompyuta. Amri zenyewe ni vipande vyenye maneno, vinapangwa kimoja chini ya kingine, nasi tunaviita matofali. Kuna tofali la "onekana", la "jifiche", la "subiri", la "rudia mpaka". Muhula uliopita niliwafundisha kwa kuhesabu machungwa, wakasinzia, na mimi pia. Muhula huu nimemwambia kila mmoja atengeneze nyumba yenye mzimu, na sasa hawataki hata kutoka kwenda mapumziko. Hakuna anayeogopa. Kuna mzimu unaotokea kabatini, unasema "Samahani, nimekosea nyumba," unaondoka. Kompyuta mojawapo herufi yake ya M imekufa, kwa hiyo wanaoitumia wanaandika "ziu", na darasa zima limelishika jina hilo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na nimeshindwa kulizuia.

Kazi ya Chiriku ina kosa. Mzimu wake haukomi. Kila siku tunalazimika kuzima kompyuta yenyewe. Nimemsahihisha mara kadhaa, na kila nikigeuka anafuta masahihisho yangu. Nilipoambiwa jina lake la utani nilijiandaa kupokea mtoto wa maneno mengi. Nimepata mtoto mkimya kuliko wote darasani. Kama kuna jambo la nyumbani ninalopaswa kulijua, nijulishe. Maonyesho kwa wazazi ni mwishoni mwa mwezi ujao.

Wako,
Mwalimu wa darasa la tano


Kambini
11 Septemba

Kwa Mwalimu,

Salamu nyingi. Barua yako imekuja na lori la vyakula, maana huku simu hazishiki mtandao. Kibali nimekitia sahihi, nimekifunga humu ndani. Dada yangu ana maneno makali lakini hana neno.

Mimi ni fundi umeme, tunafunga taa ndani ya handaki la reli. Sijui kompyuta. Ila kitu kisichozimika, kwa kawaida ni kwamba hakina swichi, au swichi ipo na aliyeifunga amesahau kuunganisha waya. Mwambie atafute hapo.

Kuhusu nyumbani: mama yake yuko mbali, anatibiwa. Ni muda sasa. Labda anamkumbuka. Zaidi ya hapo hakuna la kusema.

Ukipata nafasi niandikie huo mzimu wake unafanya nini hasa.

Baba Chiriku


Kambini
11 Septemba

Dada yangu,

Nimemtilia mwalimu sahihi. Usigombane naye tena, anajitahidi.

Lakini hiyo mizimu imenitia wasiwasi. Umemwambia? Tulikubaliana. Mama yake alipofia kule hospitali tukamzika kwao, mtoto alikuwa kwenye mitihani, nikasema nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, nikija likizo. Nikaja. Nikakaa naye wiki nzima, nikatengeneza pasi, nikatengeneza feni, nikatengeneza mpaka taa ya jirani, na sikusema. Kila nikifungua mdomo, kinachotoka ni kumuuliza kama amekunywa chai. Kuona uso wake ukiwa haujui, na mimi ndiye wa kuubadilisha, nilishindwa.

Nitasema likizo ijayo. Mpaka hapo mama yake anatibiwa. Usinitangulie, nakuomba.

Kaka yako


Nyumbani
18 Septemba

Kaka yangu,

Sijamwambia, na usinitishe na hiyo "tulikubaliana". Ulikubaliana na nafsi yako. Mimi nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unalia, na mtu hagombani na mwanaume mzima anayelia kwenye korido ya hospitali.

Kwa taarifa yako, pasi uliyotengeneza inaunguza. Feni inapiga kelele kama inadai haki yake. Jirani anasema taa yake sasa inawaka yenyewe, kwa hiyo kama kuna mzimu mtaa huu, umeuleta wewe.

Chiriku mzima wa afya. Anakula, anaoga bila kusukumwa, anafanya kazi zake. Ndiyo maana nina hofu. Huyu si mtoto aliyekuwa akiingia mlangoni maneno yameshatangulia viatu. Na jambo moja nikwambie: haulizi tena. Zamani kila akitoka shule aliuliza mama atarudi lini, hata begi hajatua. Siku moja akaacha. Nadhani ilikuwa ile siku tunaosha vyombo, tunapiga soga zetu vizuri tu, namwambia mama yake alivyokuwa hapendi chai yenye sukari, alivyokuwa akipewa anaimwaga kwenye ua akidhani hatumwoni. Nikacheka peke yangu. Yeye akaendelea kufuta sahani ileile mpaka nikamnyang'anya. Tangu hapo kimya. Wewe utasema ni nafuu, amezoea. Mimi sioni nafuu.

Nguo za wifi yangu ziko chini ya kitanda changu. Kila nikifagia nazikuta. Mtoto akiniuliza natafuta nini kule chini nasema mende. Nimekuwa mwongo ndani ya nyumba yangu kwa ajili yako, na nimechoka.

Njoo kwenye hayo maonyesho. Na usije na bisibisi.

Dada yako


Shuleni
25 Septemba

Kwa Baba Chiriku,

Salamu. Kibali nimekipokea, asante. Pole kwa ugonjwa wa mama. Sikujua, na sasa nitakuwa mpole zaidi kidogo, kwa kadiri ya uwezo wangu.

Uliniuliza mzimu unafanya nini. Nitakuandikia kama ulivyo kwenye skrini.

Kuna nyumba yenye dirisha moja, giza ndani. Mzimu unatokea mlangoni. Si wa kutisha. Ni umbo jeupe refu, amelichora likiwa na mkoba mkononi. Unabisha hodi. Unasubiri. Hakuna anayejibu. Unabisha tena. Yote haya yamo ndani ya tofali la "rudia mpaka", ambalo sisi tunaliita kitanzi. Kitanzi hurudia mpaka sharti litimie. Sharti lake yeye ni hili: rudia mpaka AMESEMA iwe NDIYO.

AMESEMA ni kile tunachokiita kisanduku. Mtoto anakipa jina, anakiwekea kitu ndani, na kompyuta inakichungulia kila mara kuona kuna nini. Chiriku amekiwekea HAPANA. Hakuna mahali popote katika programu yake ambapo HAPANA inageuka kuwa NDIYO. Ndiyo maana mzimu haukomi. Swichi ipo, kama ulivyosema, ila haikuunganishwa na kitu. Chini ya kitanzi ameweka matofali mengine, ambayo sijayashughulikia, kwa kuwa kompyuta haiwezi kuyafikia.

Nilimwongezea tofali moja ili mtu akibonyeza kitufe, kisanduku kiwe NDIYO. Aliliondoa kabla sijalijaribu.

Halafu kuna suala la lugha, na hapa nipo nyumbani kwangu. Mzimu ni ngeli ya M-MI. Mzimu umesema, mizimu imesema. Najua mitaani watu husema "mzimu amesema". Mitaani husemwa mengi. Nilimbadilishia jina la kisanduku likawa UMESEMA. Kesho yake nikakuta A imerudi. Nikabadilisha. Ikarudi. Na huyu ndiye mtoto anayeongoza darasa zima kwa ngeli. Nikamwita mezani kwangu. Nakuandikia mazungumzo yetu yote, hayakuwa marefu:

"Mzimu ni ngeli gani?"

"M-MI, mwalimu."

"Kwa hiyo mzimu hufanya nini?"

"Umesema."

"Basi hiyo A ni ya nani?"

"Ya mtu."

"Mtu gani? Amesema nani?"

"Hajasema bado."

Nikamwambia hilo si jibu, akasema samahani mwalimu, akarudi kwenye kiti chake. Nimempunguzia alama moja kwa upatanisho wa kisarufi na nyingine kwa kitanzi kisicho na mwisho. Naomba uzungumze naye kuhusu ukaidi, kwa barua au vyovyote utakavyoona. Anakusikiliza, nadhani. Barua zako anatembea nazo kwenye mkoba.

Wako,
Mwalimu wa darasa la tano


Kambini
4 Oktoba

Kwa Mwalimu,

Nakuomba usiiguse hiyo A. Si ya mzimu.

Nakuja kwenye maonyesho. Nitakueleza.

Baba Chiriku


Kambini
4 Oktoba

Dada,

Anajua.

Mwalimu ameniandikia bila kujua anachoniandikia; barua yake nimeifunga humu uisome. Mtoto ametengeneza mzimu unaobisha hodi na kubisha hodi, hauondoki mpaka mtu aseme. Mtu mwenyewe ni mimi. Nimeisoma barua hiyo handakini chini ya taa niliyoifunga kwa mikono yangu, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Miezi yote hii nilidhani mimi ndiye ninayemlinda. Kumbe yeye ndiye anayeningoja.

Msimamizi amekataa ruhusa, anasema taa hazijaisha. Nimemwambia naondoka hata akikataa mara ya pili.

Usimwambie nakuja. Nikiahidi halafu nikashindwa tena, sitaweza kumtazama.

Kaka yako


Nyumbani
12 Oktoba

Kaka,

Nimesoma barua yako nikakaa kwenye ngazi kama mtu aliyekosa basi.

Ni mimi. Nimefikiri na nimeelewa. Ile siku ya vyombo sikutaja kifo, sikutaja hospitali, sikutaja chochote. Nilisema "alikuwa". Mama yako alikuwa hapendi chai ya sukari. Nimeipitia ile sentensi kichwani mara nyingi na sikuiona, mpaka nilipoona hiyo A ya mwalimu. Mtoto huyu hasikilizi maneno, anasikiliza vipande vya maneno.

Sitamwambia unakuja. Ila nimetoa nguo za wifi kule chini ya kitanda, nimezifua, nimezianika mbele ya nyumba mchana kweupe. Chiriku amerudi kutoka shule, amezipita, amesimama, ameshika mkono wa gauni moja. Halafu ameniuliza kama kuna vibanio vingine, kwa sababu upepo utaliangusha. Nikampa. Tumebana pamoja, kila mtu upande wake wa kamba.

Njoo bwana. Hata kwa miguu.

Dada yako


Shuleni
31 Oktoba

Kwa Baba Chiriku,

Salamu. Natumaini ulifika salama kambini na kwamba msimamizi wako amepoa.

Uliondoka kwa haraka na hatukuzungumza zaidi ya ile sentensi moja uliyonipa langoni. Nadhani ni haki yako kujua ilivyoonekana kutoka upande wangu, hasa mwanzo, kwa kuwa ulichelewa.

Wageni walipita meza kwa meza. Mzimu uliokosea nyumba ulipendwa sana. Wazazi wawili waliomba urudiwe. "Ziu" zilipata makofi. Kwenye meza ya mwanao watu walisimama kidogo, wakasikiliza hodi, wakangoja kitu kitokee, kisitokee. Wengi walimuuliza kama imeharibika. Alimjibu kila mmoja kwa adabu: "Haijaharibika. Inasubiri." Mwalimu mkuu alininong'oneza tuizime, inatia watu uchovu. Nilimwambia bado. Nilikuwa na barua yako mfukoni, nami nilikuwa sielewi kitu, lakini ulikuwa umeniomba.

Ulifika watu wakiwa wameshaanza kunywa soda. Ulikuwa na vumbi la zege kwenye viatu na hukumsalimia mtu. Ulichuchumaa kando ya kiti chake, ukasoma skrini. Nilikuwa nyuma yenu napanga chupa, kwa hiyo nilisikia, samahani. Ulisema, "Mama amekufa." Hukusema amefariki, hukusema ametutoka, hukusema lolote kati ya yale tunayoyatumia kuzunguka. Halafu ukasema tena, kana kwamba mara ya kwanza isingehesabiwa.

Akasema, "Najua, baba."

Ukamuuliza tangu lini. Hakukujibu. Alikuwa anatafuta tofali. Alilipata, akaliweka, akaandika NDIYO.

Hodi ikakoma. Lile umbo jeupe likageuka na mkoba wake, likaenda zake, likajificha. Halafu taa ya dirishani ikawaka. Hiyo taa hakuna aliyekuwa ameiona. Ilikuwa chini ya kitanzi, kwenye yale matofali niliyokuandikia kwamba sijayashughulikia kwa sababu kompyuta haiwezi kuyafikia. Alikuwa ameiweka tangu siku ya kwanza.

Hapo mkalia nyote wawili, nami nikawaongoza wageni kwenye meza nyingine.

Alama zake mbili nimemrudishia. Nilitia wino mwekundu juu ya msiba wa mtoto, mara tatu, na kila mara yeye aliurekebisha bila kunichukia. Nimesikitika sana. Si kawaida yangu kusikitika kwenye barua za shule, kwa hiyo naomba uniamini.

Wako,
Mwalimu wa darasa la tano


Nyumbani
6 Novemba

Baba,

Shikamoo. Hatujambo. Shangazi hajambo ila anasema usimsalimie mpaka utengeneze pasi.

Mwalimu amenipa alama zote. Ameniita mezani akasema A ilikuwa sahihi. Halafu akasema tena mbele ya darasa, lakini hakusema kwa nini, na nimefurahi hakusema. Sasa tumeanza programu mpya. Si lazima iwe na mzimu. Watu wengi wameweka mizimu tena kwa sababu wameizoea.

Uliniuliza tangu lini, sikukujibu. Ni tangu tulipokuwa tunaosha vyombo. Shangazi siku zote alikuwa akisema mama anapenda, mama hapendi, mama anafanya hivi. Siku ile akasema alikuwa. Wiki hiyo mwalimu alikuwa ametufundisha wakati uliopo na wakati uliopita, kwa hiyo nilisikia. Nilitaka kumuuliza nikaona amecheka, nikamwacha acheke. Halafu nikafikiri, baba anajua, atasema. Ulipokuja likizo nilikutengenezea chai mara nyingi ili ukae. Ukawa unainuka kwenda kutengeneza feni. Sikukasirika. Nilikasirika kidogo.

Yule mwenye mkoba ni mama siku anaondoka kwenda hospitali. Nilidhani kama hatujasema amekufa, hana pa kwenda, anabaki mlangoni. Ndiyo maana sikutaka kitufe cha mwalimu. Mtu yeyote angeweza kukibonyeza.

Sasa hivi natengeneza jikoni. Kuna meza na kabati na ua. Mama anamwaga chai uani na sisi tunajifanya hatumwoni. Nimeshindwa sehemu moja, sijui alikuwa akicheka anafanyaje na mikono. Shangazi anasema alikuwa akijifunika mdomo. Mimi nakumbuka alikuwa akishika mlango wa kabati. Hatukubaliani.

Wewe ulikaa naye kuliko sisi. Niandikie alikuwaje. Usiogope kuandika "alikuwa", baba. Mimi nimeshaizoea hiyo li. Andika nyingi.

Mwanao,
Chiriku